Mti Katika Shamba la Kuazima

Nilikuwa na daftari la jalada gumu ambalo nililichorea safu mwenyewe kwa rula. Safu ya kwanza ilikuwa ya kaya, ya pili ya miche iliyogawiwa, ya tatu ya miche iliyo hai, ya nne ya miche iliyopandwa. Kwa wiki sita safu ya nne ilikuwa sifuri kutoka juu ya ukurasa hadi chini, nami nikawa natazama sifuri zile tu. Ile ya tatu niliijaza kila wiki bila kuisoma. Kosa langu lote katika habari hii limo humo, na nalieleza mapema ili msomaji asije akanidhania mwerevu kuliko nilivyokuwa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, mitumba ilipoanza kumwagwa sokoni Morogoro na viwanda vya serikali vikafungwa kimoja baada ya kingine vikisubiri wanunuzi. Mimi nilikuwa mtunza stoo katika kimojawapo. Siku ya mwisho nilikabidhi funguo, nikaandikiana na mlinzi, nikaenda nyumbani Bigwa. Nilikaa mwaka mmoja na miezi minne bila kazi. Mke wangu alikuwa anakaanga vitumbua na kuvipeleka kituo cha mabasi Msamvu kabla jua halijachomoza, na hivyo ndivyo tulivyoishi, na watoto wanne.

Shule niliishia darasa la saba. Baba yangu alikuja kutoka Unyamwezi kukata mkonge, nikazaliwa kambini, na baada ya la saba hapakuwa na zaidi. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi na kwa masomo ya posta, polepole, kama mtu anayepanga matofali. Chuoni Mazimbu waliniruhusu kusoma maktabani kila Jumamosi, ilimradi nisiazime kitabu. Nilisoma uchumi. Vitabu vilisema kwamba mwenye mtaji kutoka nje hutazama bandari, barabara, kodi, sheria na mahakama, kisha huamua. Nilinakili mambo hayo kwa mpangilio. Kuhusu watu wenyewe, kwamba wanaaminiana au hawaaminiani, palikuwa na aya moja mwishoni mwa sura, nami niliiruka.

Aliyenipa kazi ya kukagua miche na kumtafsiria alikuwa mama mmoja wa Kiholanzi, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye raba za turubai zilizokuwa nyeupe zamani. Alikuwa mnunuzi wa viungo. Alitaka kujenga banda la kukaushia mdalasini pale Bigwa, mahali barabara ya milimani inapoingia mjini. Fedha ilikuwa ya wenzake kule kwao, na wenzake walimwekea sharti: kwanza athibitishe kwamba wakulima wa juu watapanda na kutunza miti. Mdalasini hauvunwi mpaka mwaka wa tatu. Mtu anayejenga banda leo anajenga kwa kuamini watu ambao hajawajua, na watu hao wanapanda kwa kuamini kwamba yeye atakuwepo. Kama sharti lisingetimia kabla mvua za vuli hazijaisha, mama yule angefunga mizigo na kwenda Madagaska. Kama lingetimia, mimi ningekuwa mtunza stoo wa banda. Aliniambia hivyo waziwazi siku ya kwanza, nami nilimshukuru kwa uwazi wake, ingawa kuanzia hapo sikulala vizuri.

Kijiji tulichopewa kilikuwa upande wa mashariki wa Uluguru, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka pale gari lilipokomea. Tulifanya mkutano shuleni. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mpole wa rika langu, aliwaita wakuu wa kaya, na walipokuja walikuwa wanaume thelathini na mmoja. Kila mmoja alipewa miche ishirini kwenye vifuko vyeusi vya plastiki. Kila mmoja alitia sahihi kwenye fomu, na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Mimi ndiye niliyeshika kidau cha wino. Fomu ilisema kwamba mkulima amekubali kuipanda miche hiyo katika shamba lake.

Baada ya hapo nilipanda mlima kila Jumanne. Miche ilikuwa imepangwa barazani, chini ya upenu, nyumba kwa nyumba, kama wageni waliokaribishwa kukaa lakini hawajaletewa chakula.

"Tunangoja mvua, ndugu yangu," walisema.

Wiki nne hapakuwa na mvua, vuli ilichelewa, kwa hiyo niliandika sababu hiyo bila wasiwasi. Kisha mvua ikaja.

"Tunangoja ardhi ishibe."

Ardhi ikashiba. Nilipopita tena, mmoja akasema mpini wa jembe umevunjika. Mwingine akasema mkewe yuko msibani. Wa tatu alinitazama tu, akanipa ndizi mbili za kula njiani. Mwenyekiti mwenyewe, ambaye niliamini ataonyesha mfano, miche yake ishirini ilikuwa pale pale, imenyooka mstari mmoja.

Wiki ya sita niliandika ripoti. Nilimpelekea mpiga taipu karibu na soko nikakaa pembeni yake asikosee. Ilikuwa na kurasa mbili, kwa Kiingereza, na sentensi ya mwisho niliisuka kwa uangalifu mkubwa: wakulima wa eneo hili wametia sahihi mkataba na hawakuutekeleza, kwa hiyo hawawezi kutegemewa. Nilijua kwamba ninaandika kufukuzwa kwangu mwenyewe. Lakini nilijiambia kuwa ukweli ni ukweli, na nikajisikia mtu mwadilifu.

Mama yule aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mkoba.

"Nitaituma kwa faksi Jumatatu," alisema. "Lakini Jumamosi twende. Nataka kuona kwa macho yangu kabla sijaituma."

Jumamosi tulifika nyumbani kwa mwenyekiti saa nne asubuhi, jasho likitutiririka. Mkewe akatuletea chai na magimbi. Tulikaa kwenye benchi, na miguuni petu ndipo ilipokuwa miche. Hakuna aliyeitaja. Mwenyekiti aliuliza habari za mjini, mimi nikauliza habari za watoto, mama akatabasamu kwa wote wawili kwa kuwa hakuelewa Kiswahili zaidi ya salamu.

Ndipo akatokea bibi mmoja nyuma ya nyumba, mwembamba, kanga kiunoni, ameshika ndoo na kopo lililotobolewa matundu chini. Alikuwa mama mkubwa wa mke wa mwenyekiti. Upenu ule ulizuia mvua isiifikie miche, kwa hiyo alipita akiinyweshea mmoja mmoja bila kutujali, mpaka alipofika karibu na viatu vyangu.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Sogeza miguu." Akamwagilia. "Wewe ndiye yule Mnyamwezi wa daftari?"

"Ndiye mimi."

"Nasikia unapanda mlima kila wiki kuja kuhesabu majani. Babu yako alipita hapa amebeba meno ya tembo, wewe umebeba daftari. Mzigo umepungua, akili iko vile vile."

Waluguru na Wanyamwezi ni watani, na kwa mtani huwezi kukasirika hata ukitaka. Nikamjibu kama inavyotakiwa.

"Babu yangu alipita akawakuta babu zako wamejificha mlimani. Mpaka leo hamjashuka, mnafikiri vita bado."

Alicheka kwa kifua, akaweka ndoo chini. Mwenyekiti hakucheka. Nilimwona anakitazama kikombe chake. Nikaona kwamba mlango umefunguka na kwamba nikiupita haraka, kwa utani huo huo, hautafungwa.

"Bibi," nikasema, "miche hii mnainywesha kama mgonjwa. Lini itatoka kitandani iende shambani?"

"Shamba la nani?"

"La mwenyekiti. Ametia sahihi, ninayo karatasi."

Bibi akamgeukia mwenyekiti. "Mkwe wangu, kumbe una shamba?"

"Nalima, mama," mwenyekiti akasema.

"Sikukuuliza kama unalima."

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, ingawa bibi alikuwa anamsikia: "Ndugu yangu, mimi nimeoa hapa. Nimetoka kijiji cha bonde lile la pili."

Nilikuwa nimeishi Morogoro maisha yangu yote. Nilijua, kama kila mtu anavyojua, kwamba kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi ni ya ukoo. Ila nililijua jambo hilo kama mtu anavyojua jina la mto asiouvuka. Bibi akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga mzigo. Mume anayekuja kuoa hupewa sehemu ya kulima. Hiyo ni ya kuazima. Humo atapanda mahindi, maharage, kabichi, kitu chochote kinachoisha na msimu wake, na hakuna atakayemwuliza. Mti hapandi. Anayepanda mti anakaa miaka, naye mti ukiwa mkubwa atasema pale ni pangu, na watoto wake watasema pale ni pa baba yetu, ndipo ndugu wanapokuja kukatana mapanga kwa ajili ya hatua tano za ardhi. Kwa hiyo mwanamume mwenye adabu hapandi mti katika shamba la kuazima. Anayepanda ni mwizi, hata kama hajachukua kitu.

"Na wale wengine thelathini?" niliuliza.

Mwenyekiti akawahesabu kwa vidole. Ishirini na sita walikuwa kama yeye, wameoa hapo. Wanne walikuwa na ardhi ya ukoo wao wenyewe, lakini waliona wakipanda peke yao watakuwa wamewaumbua wenzao, nao wakangoja. Sisi tuliitisha wakuu wa kaya, tukaandika wanaume, tukasainisha wakwe kwa mashamba ya wake zao. Na aliyewasainisha ni mimi, mwenye kidau cha wino.

Nilimtafsiria mama. Ilinichukua muda, maana Kiingereza changu hakikuwa na neno la haraka la mkwe wala la shamba la kuazima, na sikutaka kukosea tena. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Waulize kwa nini basi walitia sahihi," akasema.

"Mgeni amepanda mlima na zawadi kichwani," bibi akajibu, "jasho linamtoka namna hii. Utamwambia shuka nayo?"

"Na sisi," mwenyekiti akaongeza, "tulichukulia kwamba karatasi ni ya kukubali kuwa tumepokea. Tumepokea. Ipo. Haukupotea hata mmoja."

Mama yule akainama akaihesabu miche ya mwenyekiti kwa kidole. Ishirini. Akainuka akaenda nyumba ya jirani, nasi nyuma yake. Ishirini. Nyumba ya tatu ilikuwa kumi na tisa, na kabla hajanyanyua kichwa mwenye nyumba aliingia ndani haraka akatoka na kijiti kikavu ndani ya kifuko chake cha plastiki. Mbuzi alikuwa amekitafuna. Alikuwa amekihifadhi wiki tatu ili aje aonyeshe kwamba hakukiuza. Alikishika kwa mikono miwili, akaomba radhi.

"Mwambie," bibi akasema nyuma yetu, akihema kidogo, "mto uko kule chini kabisa. Wiki nne zile za jua, nani aliyetutuma kuchota maji? Mjini Morogoro kuna watu wangeinunua miche hii siku ile ile. Mwambie hivyo, usipunguze."

Sikupunguza. Nilipomaliza kutafsiri nilifungua daftari nikatazama safu ya tatu, ile ya miche iliyo hai. Ishirini, ishirini, kumi na tisa, ishirini. Wiki ya kwanza mpaka ya sita, pamoja na zile nne za jua. Kila kitu nilichohitaji kukijua kuhusu watu hawa kilikuwa kimeandikwa kwa mkono wangu, kwa kalamu ya bluu, na nilikuwa nimepiga mstari chini yake kwa rula. Nilimwonyesha mama ukurasa. Akaupitishia kidole kutoka juu hadi chini, akaniangalia, akanirudishia daftari.

Tuliporudi barazani kwa mwenyekiti bibi alikuwa ameshaketi kwenye mkeka, miguu imenyooka. Alimtaka mama akae karibu yake.

"Muulize, kwao shamba la wazazi analima nani?"

Mama akajibu kwamba analima kaka yake. Yeye na dada yake hawakupata.

Bibi alitikisa kichwa kwa muda. "Ndiyo maana amekuja kutafuta letu," akasema, na mara hii hata mwenyekiti alicheka, na nilipomtafsiria mama naye akacheka, mkono mdomoni, mpaka machozi yakamtoka. Sijui alicheka nini hasa. Nilimfanyia kazi kwa miaka kadhaa baada ya siku hiyo na sikuwahi kumwuliza.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kumbe yalikuwa yameshazungumzwa. Wanawake wa ukoo walikuwa wameshakaa mara mbili juu ya miche ile. Walichongoja ni mtu wa kuwauliza. Utaratibu wao ulikuwa huu: bibi mwenyewe atapanda mche wa kwanza katika kila sehemu iliyoazimwa, kwa mkono wake, mbele ya wanawake wawili wa ukoo wa kushuhudia. Hapo miti yote ya sehemu ile itakuwa ya ukoo. Mkwe ataipanda iliyobaki, ataitunza na atavuna magome yawe yake. Akiondoka, au ndoa ikivunjika, mti unabaki. Koo nyingine mbili zenye ardhi pale zitafanya vivyo hivyo kwa mikono ya bibi zao.

"Na mimi nikiondoka?" mama akauliza. Lilikuwa swali la haki, na liliulizwa kwa haki.

"Ukiondoka mti unabaki pia," bibi akasema. "Tutatia kwenye chai. Nyanya zetu waliamriwa na mkoloni wachimbe matuta mlima mzima, hawakuulizwa, na aliyewaamuru akaondoka. Wewe umeuliza. Umechelewa, lakini umeuliza."

Kisha akasimama, akamwita mpwa wake amletee jembe. Sehemu ya mwenyekiti ilikuwa hatua chache nyuma ya nyumba, mteremko mkali wa udongo mwekundu. Wanawake wawili walikuja wakiwa bado na unga mikononi. Bibi alichimba shimo kwa mapigo sita, akauchana mfuko wa plastiki kwa kucha, akamwambia mama: "Shika. Unyooshe. Mimi nafukia." Mama akapiga magoti kwenye matope, akaushika mche kwa vidole viwili. Bibi akafukia, akakanyaga kwa kisigino pande zote nne, akasonya alipoona umepinda kidogo, akaunyoosha. Hakukuwa na hotuba. Mwenyekiti alikuwa ameshachimba shimo la pili kabla bibi hajajifuta mikono, na sijapata kumwona mtu mzima akichimba kwa furaha namna ile. Wiki sita alikuwa amebanwa kati ya sahihi yake na adabu yake, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Mimi nilikaa juu ya jiwe. Nililiweka daftari kando nikawa natazama tu mashimo yakichimbwa. Nilimfikiria mke wangu na karai lake la vitumbua. Nilihisi kama mtu aliyewekewa kitu kizito begani muda mrefu hata akasahau kwamba si sehemu ya mwili wake, halafu mtu akakitua.

Tukiwa njiani kushuka, mahali ambapo barabara ya kwenda mjini inaonekana chini, mama alisimama kupumzika. Akafungua mkoba, akatoa ripoti yangu, akanipa.

"Hii ni yako," alisema. "Iandike upya. Kwa mkono tu, inatosha."

Niliiandika usiku ule na asubuhi iliyofuata, mezani kwangu, kwa Kiingereza changu cha matofali. Sikuweka hitimisho. Niliandika kilichotokea kwa mpangilio: fomu, wakwe, ndoo, kopo la matundu, kijiti kikavu kilichotafunwa na mbuzi. Niliandika kwamba watu tuliowaona hawatekelezi mkataba walikuwa wanatekeleza mkataba mwingine, wa zamani zaidi, ambao haukuandikwa na ambao hakuna askari wala mahakama inayousimamia, na kwamba walikuwa wakiutekeleza kwa hasara yao. Niliandika kwamba mkaguzi aliyeleta taarifa ya kwanza alikosea, na nikatia sahihi. Wenzake mama yule walijibu baada ya wiki tatu. Waliuliza maswali mawili tu, yote juu ya barabara.

Banda lilijengwa. Nilikabidhiwa funguo za stoo, na nilipozitia mfukoni nilizishika huko huko ndani mpaka nikafika nyumbani.

Mwaka wa tatu, magome ya kwanza yalipokuwa tayari, wachuuzi kutoka Dar es Salaam walipanda mlima kujaribu kuyanunua njiani. Baadhi ya watu waliwauzia, sitasema uongo. Wengi walishuka nayo hadi Bigwa, yamefungwa kwa kamba za migomba. Bibi alishuka pamoja na mzigo wa mwenyekiti, kulikagua banda. Alizunguka ndani akinusa, akagonga mizani kwa kidole, akaja akasimama mbele ya meza yangu.

"Mnyamwezi," akasema, "kumbe bado una daftari."

"Ninalo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nionyeshe jina langu."

Nilikuwa nimeongeza safu ya tano baada ya ile Jumamosi, na kichwa chake nilikiandika kwa herufi kubwa: ardhi ya nani. Bibi hakujua kusoma. Nikauchukua mkono wake, nikaweka kidole chake juu ya jina lake katika safu ile, akakiacha hapo muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.